Nilivyotoboa siri ya rafiki yangu katikati ya movie ya Warusi wanaoteleza kwenye barafu

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisumu, upande huu wa ziwa.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka. Leo nina jambo la kuungama. Najua wengine mtasema natunga, kwa sababu kazi yangu yenyewe ni kutunga. Safari hii naleta kitu kama kilivyo, bila chumvi. Kutunga kumenifikisha pabaya na ndiyo maana niko hapa.

Kwanza muielewe kazi yangu.

Mimi ni DJ wa movie. Si wa muziki. Mliokulia mitaa kama yangu mnajua: kuna banda la mabati, mabenchi, TV kubwa mbele, na jamaa mmoja amekaa pembeni na maiki, anaipiga movie kwa Kiswahili juu ya sauti ya Wachina na Wahindi. Jamaa huyo ndiye mimi. Napiga Jumamosi na Jumapili katika banda moja hapa Obunga. Siku za katikati nauza kava na chaja za simu.

Sasa niwape siri ya kazi. Sisi hatutafsiri. Nani anajua Kichina? Tunaangalia sura, tunaangalia mikono, nani analia na nani anakimbia, halafu tunajaza maneno.

Na kuna desturi moja kila DJ wa banda anaifuata. Majina ya movie hayakai kwenye ulimi wa watu, kwa hiyo unawabandika wahusika majina ya watu walio mle ndani. Jambazi unampa jina la jamaa mkorofi wa mtaa. Anasimama anapunga mkono, banda zima linapasuka. Mrembo unampa jina la dada wa chapati. Watu hawalipi kuja kuwaona wazungu, wanakuja kujiona wenyewe.

Desturi hiyo ndiyo iliyoniponza.

Nina rafiki anaitwa Odhiambo, sisi tunamwita Odhis. Tumejuana tangu darasa la nne. Ni fundi wa kuchomelea, ana kibanda chake Kisian, anatengeneza mageti na madirisha. Mpole, maneno machache, kinyume changu kabisa.

Odhis ana mchumba, Atieno. Atieno anakaanga mgongo wazi hapa Obunga. Kwa wageni: mgongo wazi ni mifupa ya sangara baada ya minofu kutolewa, inakaangwa mpaka inalia ukiitafuna. Kama hujaila, bado hujafika Kisumu.

Walikuwa wamependana miaka miwili. Jumamosi moja ilikuwa imepangwa twende Kombewa, nyumbani kwa mama yake Atieno, tukaseme kilichotupeleka. Na mimi ndiye niliyechaguliwa kuwa jagam, yaani mshenga, yule anayesimama katikati na kumsemea bwana harusi. Jagam anatakiwa awe na mdomo. Mdomo ninao.

Ila kulikuwa na kitu Atieno hakukijua.

Wiki tatu kabla ya siku hiyo Odhis aliniomba nimsindikize kliniki ya macho. Alikuwa anaona giza pembeni. Tuliingia wote wawili. Daktari akammulika na tochi ndogo, akampima, akampima tena, kisha akamwambia kwa upole: ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshaenda, halirudi. La kulia bado lipo, lakini lataka dawa ya matone kila siku ya Mungu. Ukizembea, nalo litaenda.

Tukatoka nje, akakaa kwenye jiwe.

"Omera, ndugu yangu," akaniambia, "hii kitu ikae hapa. Atieno nitamwambia mimi mwenyewe, lakini baada ya Kombewa. Akijua saa hii atanikataa. Nani ataolewa na fundi haoni?"

Nikaapa. Niliapa kwa jina la mama yangu, na mama yangu yuko hai, ananisikia nikipita.

Tangu siku hiyo nikaanza kuona mambo ambayo sikuwa nikiyaona. Odhis akiingia mahali anakaa upande wa kushoto kabisa, karibu na ukuta, ili watu wote wawe kulia kwake. Atieno alidhani anapenda kukaa ukutani. Mimi nilijua, na kujua kulikuwa kunanichoma kama mwiba ndani ya kiatu.

Sasa njoo kwenye Jumapili yenyewe. Ilikuwa imebaki siku sita twende Kombewa.

Kina mama wanaokaanga samaki walikuwa wamemlalamikia mwenye banda. Kila wiki risasi, kila wiki mapanga, walitaka movie ya mapenzi moja tu, mchana, wakitoka kanisani. Mwenye banda akaniambia nitafute.

Nikachimbua kwenye flash yangu. Nikapata movie ya Kirusi ambayo niliichukua zamani kwa makosa. Kwenye picha ya mbele kulikuwa na mwanaume ana chuma kikali miguuni, nikadhani ni ya kupigana. Kumbe ni vijana wawili, mvulana na msichana, wanateleza kwenye barafu wakiwa wameshikana. Anamrusha juu, anazunguka hewani, anamdaka. Wanapendana, wana mashindano makubwa mbele yao.

Kosa la kwanza la DJ, andikeni mahali: sikuimaliza kabla ya kuipiga. Niliangalia dakika ishirini, nikaona hakuna anayekufa, nikaizima. Maandishi ya chini hayakuwepo, ni Kirusi kitupu.

Banda lilijaa. Mabati yalikuwa yanatoa joto, watu wanajipepea na vitabu vya nyimbo, na mbele yetu kuna uwanja mzima wa barafu. Pale Obunga barafu tunaijua ya kuwekea samaki tu. Mama mmoja akasema, "Hiyo yote wangetuletea, sangara ingekaa wiki nzima."

Odhis na Atieno walikuwa benchi la tatu. Odhis mwisho wa benchi, kushoto, kwenye nguzo inayoshika paa. Atieno kulia kwake.

Nani mwingine ningewapa majina? Harusi yao mtaa mzima ulikuwa unaingoja. Nikashika maiki: "Huyu kijana wa barafu anaitwa Odhis! Na huyu mrembo anaitwa Atieno!"

Wacha banda lilipuke. Atieno akaziba uso na leso kwa aibu. Hata Odhis alicheka. Nusu saa ya kwanza nilikuwa moto, wakuu. Kila akirushwa juu nawaambia, "Atieno amepaa! Mama Kombewa, mwanao anakuja kwa ndege!"

Halafu ikaja sehemu ya daktari.

Kijana wa barafu amekaa kitandani kwa daktari. Daktari mzee ana koti jeupe. Anachukua tochi ndogo, anammulika jicho moja, anammulika la pili. Anasema maneno yake ya Kirusi. Kijana anainamisha kichwa.

Sijui niwaeleze vipi. Mdomo wa DJ hauna breki. Kimya cha sekunde tatu tu watu wanaanza kuguna, kwa hiyo unazoea kusema kabla ya kufikiri. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye chumba kama kile wiki mbili tu zilizopita, nimeiona tochi kama ile. Maneno yalikuwa yameshapangwa kichwani, yakatoka yenyewe.

Kwa sauti ya daktari: "Odhis, jicho la kushoto limeshaenda. Hili la kulia, ukizembea, nalo litaenda."

Na kwa sauti ya kijana: "Daktari, usimwambie Atieno. Akijua saa hii atanikataa."

Neno kwa neno.

Watu wakapiga makelele, "Uuuwi! Masikini Odhis!" Wanacheka, wanaona ni utamu wa movie.

Mnajua ile hali ya kutuma ujumbe kwenye group ambayo si yenyewe, halafu unaona umeshasomwa? Ndiyo hiyo.

Nikageuza shingo. Odhis alikuwa anatazama mbele, hapepesi. Atieno alikuwa anacheka pamoja na wenzake, halafu kicheko kikapungua, kikapungua, kikaisha. Akamgeukia Odhis, akautazama uso wake kwa muda mrefu. Odhis hakugeuka.

Nilimwona akijumlisha. Wiki iliyotangulia Odhis alimimina chai pembeni ya kikombe mbele yetu sote. Alikuwa ameacha kuendesha pikipiki jioni. Siku moja alilipiga teke beseni la samaki lililokuwa kushoto kwake, Atieno akamuuliza kama amelewa, na Odhis hanywi.

Nikasema nitaziba. Kwenye movie msichana akaingia, nikamrukia: "Odhis anamwambia Atieno, ni vumbi tu limeingia machoni! Daktari amekosea!"

"Aaaah," wakaguna kina mama. Hawakuipenda.

Na picha ikanikataa. Sehemu iliyofuata ni mazoezi. Kijana anamrusha msichana, msichana anazunguka hewani, anashuka, ananyoosha mkono. Kijana naye ananyoosha. Anaukosa. Msichana anaanguka kwenye barafu na ubavu.

Banda zima likasimama. Mama mmoja nyuma akapaza sauti, "Amemkosa upande wa kushoto! Si daktari alisema?"

Nikasema, "Hapana, ni barafu tu, barafu imeteleza."

"DJ, wacha uongo! Barafu huteleza siku zote!"

Wakacheka. Jasho lilikuwa linanishuka mpaka kwenye maiki.

Ndipo nikasikia sauti kutoka benchi la tatu. Haikuwa kubwa.

"Shem."

Atieno. Ananiita hivyo kwa sababu mimi ni kama ndugu wa Odhis.

"Muulize huyo Odhis wako wa barafu. Ameficha tangu lini?"

Watu wakashangilia, wakadhani amenogewa. "Mjibu! DJ, mjibu mama!" Mbele kule kijana wa Kirusi amepiga magoti kando ya mpenzi wake, mdomo unatembea, na anayetakiwa kuujaza ni mimi. Sikuwa na neno. Mimi, ambaye nimeshawasemea majambazi, wafalme na hata mbwa.

"DJ umelala?"

Nikaleta maiki mdomoni. "Anasema... anasema anaogopa."

Kusema kweli, hilo ndilo lilikuwa neno pekee la ukweli nililokuwa nimebaki nalo.

Atieno akachukua mkoba wake, akajifunga leso vizuri, akatoka. Hakukimbia. Alipita kati ya mabenchi kama mtu anayetoka ibadani kabla ya sadaka.

Odhis akainuka amfuate. Kwa ile haraka akageuka kushoto, akaipiga nguzo na bega na paji la uso. Mabati yote yakatetemeka. Nguzo ileile aliyokuwa ameiegemea tangu mwanzo.

Hakuna aliyecheka. Kirusi kikawa kinaendelea peke yake, na watu kama hamsini wakaelewa kwa pamoja. Odhis akapapasa hewani kidogo kwa mkono, akaupata mlango, akatoka. Hakuniangalia.

Mwenye banda akapiga kelele, "Endelea bwana!" Niliweka maiki chini nikatokea nyuma. Sijawahi kuacha movie katikati maishani mwangu.

Jumatatu simu ya Odhis ilikuwa imezimwa. Obunga habari zilikuwa zimeshapita kila jiko. Kwenye hoteli ninayonywea chai jamaa wakawa wanasukumiana vikombe: "Kikombe unakiona, ama nikusomee?" Niligombana na mmoja wao, lakini ningemlaumu vipi? Mimi ndiye niliyewapa.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Hawakusema kata ishike maiki.

Jumanne nikakaa chini, nikaitafuta ile movie mtandaoni nikaipata ina maandishi ya Kiingereza. Nikaangalia yote, mwanzo hadi mwisho, peke yangu.

Wakuu, mnajua daktari alimwambia nini yule kijana?

Homa. Ana homa, apumzike siku tatu. Kijana ameinamisha kichwa kwa sababu mashindano yako karibu. Mkono aliukosa kwa sababu mwili ulikuwa unawaka. Hakuna kipofu katika movie hiyo. Hakuna mtu anayeficha macho. Mwishoni wanashika namba nne, na wanafurahi kama wameshinda, wanakumbatiana pale kwenye barafu. Ni movie nzuri tu ya mapenzi. Giza lote niliingiza mimi.

Na hapo shetani akanipa wazo. Nikajiambia, dawa si ndiyo hii? Naenda kwa Atieno na simu, namwonyesha maandishi. "Ona, ni homa. Yale ya macho nilitunga." Yote yanaisha. Jumamosi tunaenda Kombewa, Odhis atajua mwenyewe siku ya kusema.

Usiku huo niliyafanyia mazoezi maneno yangu mpaka nikalala nayo.

Jumatano mchana nikamkuta Atieno kwenye karai lake. Hakunisalimia.

"Shem, angalia hii kwanza," nikasema, nikamshikia simu.

Alisoma yote. Mafuta yalikuwa yanachemka.

"Kumbe daktari alisema ni homa?"

"Homa tu. Hiyo ingine ni mimi nilitunga. Unajua mdomo yangu."

"Na macho ulitoa wapi?"

"Kwa kichwa tu."

Akageuza samaki mmoja. Akageuza wa pili. Halafu akaniangalia usoni.

"Na Odhis yangu. Macho yake iko sawa?"

Wakuu, lilihitajika neno moja. "Sawa." Herufi nne. Nimeshasema uongo mrefu kuliko huo kwa kulipwa tiketi. Nilifungua mdomo kabisa. Nikamkumbuka Odhis kwenye lile jiwe, nikamkumbuka kwenye nguzo. Nikaona nikisema "sawa" nitakuwa nimemsemea tena, na nikisema "haiko sawa" pia nitakuwa nimemsemea.

Nikaufunga.

"Umenyamaza," Atieno akasema. Alikuwa kama haamini. "Wewe. Umenyamaza."

Machozi yakamlengalenga, akayafuta na kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta.

"Mwambie hivi. Sijakasirika juu ya macho. Nimekasirika nilisikia pamoja na watu wa banda, nikicheka. Nilicheka, shem! Ijumaa mchana naenda Kombewa kusaidia mama kupika. Kama hajakuja kuniambia kwa mdomo yake kabla niende, Jumamosi msikuje. Na wewe usimfundishe maneno."

Alhamisi nikaenda Kisian.

Odhis alikuwa anasaga ukingo wa geti, cheche zinaruka. Nilisimama kushoto kwake kwa muda bila kujua kosa langu, mpaka nikazunguka upande wa pili ndipo akaniona. Akazima mashine.

"Umekuja kunitangazia nini ingine?"

Sikujitetea. Nilimwomba msamaha. Halafu nikampa ujumbe wa Atieno kama ulivyo, sikuongeza wala kupunguza. Na nikamwambia kwamba aliniuliza na sikumjibu.

Akakaa juu ya mabomba. Alikuwa na alama ya nguzo kwenye paji la uso, imeshaanza kuwa nyeusi.

"Na akisema hapana?"

"Sijui."

"Wewe si huwa unajua mwisho wa kila kitu?"

"Hii sijaiona."

Akawasha mashine tena. Nikajua nimefukuzwa.

Ijumaa ilikuwa siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Saa sita, kimya. Saa tisa, kimya. Nilijua saa hizo Atieno ameshaondoka. Sikumpigia yeyote. Nilikuwa nikiuza chaja na kurudisha chenji vibaya.

Jumamosi asubuhi ujumbe ukaingia kutoka kwa Odhis. "Kuja Kisian saa tatu. Vaa shati poa." Basi, hakuna kingine.

Alikuwa na baba yake mdogo, mzee mtaratibu. Odhis alivaa suruali iliyopigwa pasi ikasimama. Nikamtazama nisome kama alimwambia Atieno au hakumwambia. Hakusomeka. Alisema jambo moja tu kabla hatujaondoka.

"Leo usinisemee."

Sasa jagam asiyesema ni jagam wa nini? Lakini nilikubali.

Mama Atieno ni mjane, mrefu, sauti ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya. Alitukaribisha na shangazi wawili. Odhis kwa mazoea alikwenda kiti cha kushoto, kwenye ukuta, lakini shangazi mmoja akamwambia hapana, mgeni wa leo anakaa hapa katikati. Akakaa. Mama akakaa kushoto kwake, kwenye kiti cha plastiki. Kila mama akisema, Odhis alikuwa analazimika kugeuza kichwa chote. Niliona mama ameanza kushangaa. Atieno alileta maji ya kunawa, hakumwangalia mtu.

Tukaomba, tukasalimiana, tukaulizana habari za mvua. Halafu mama akanigeukia mimi, kama desturi inavyotaka.

"Jagam. Huyu kijana iko na shida yoyote tunafaa kujua?"

Swali hili linaulizwa kila mahali na jibu lake linajulikana. Jagam anasema hana, ni mzima kama fahali. Kila mtu anajua kuna uongo kidogo, kila mtu anacheka, chakula kinaletwa.

Baba mdogo alikuwa ameshaanza kutabasamu akisubiri nisifie.

"Mama," nikasema, "hiyo atakujibu mwenyewe."

Shangazi wakatazamana. Jagam wa namna gani huyu?

Odhis akasimama. Akashika mikono yake pamoja.

"Mama, jicho yangu ya kushoto haioni. Haitaona tena. Ya kulia naweka dawa kila siku. Nikifuata dawa inaweza kukaa, na inaweza pia kukataa. Kazi bado nafanya. Sijui nitafanya mpaka lini. Ni hayo tu."

Kuku alikuwa anadonoa mlangoni, ndiye pekee aliyesikika.

Mama alimgeukia mtoto wake, aliyekuwa amesimama na jagi mkononi.

"Nyathina, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nani alikuambia?"

Nikaangalia viatu vyangu. Maiki, mabati, Warusi, watu hamsini wanacheka, vyote vilikuwa juu ya mabega yangu. Nilipoinua macho Atieno alikuwa ananitazama mimi, moja kwa moja. Angeweza kumwaga kila kitu pale na ningestahili. Na mama mkwe yeyote akisikia mchumba alitangazwa bandani, hapo hapo anasimamisha sufuria.

"Ni yeye mwenyewe," Atieno akasema. "Jana alikuja kwa jiko yangu. Alisimama mpaka nikamaliza kukaanga. Akaniambia yote, na mahali sikuelewa akarudia."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba alikwenda.

Mama akainuka. Nikajua ndiyo basi, anaingia ndani na hatatoka. Baba mdogo alikuwa ameshashika kofia.

Mama akakiinua kile kiti chake cha plastiki. Akakibeba, akazunguka meza mbele yetu sote, akapita nyuma ya Odhis, akakiweka upande wa kulia. Akakaa.

"Hapa unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Sawa. Sasa tuongee."

Wakuu, nililia. Mwanaume mzima mwenye shati poa. Shangazi mmoja alinipa leso yake na sijairudisha mpaka leo.

Odhis alichukua mwezi mzima kuanza kunipigia simu tena. Sikulalamika. Na Jumapili iliyopita Atieno alikuja bandani akamwambia mwenye banda anataka ile movie irudiwe, na safari hii DJ asome maandishi ya kweli, asitunge hata neno. Odhis alikuja naye. Alikaa katikati ya benchi. Atieno alikaa kushoto.

Nikasoma. Daktari akammulika kijana na tochi, nikasema kama ilivyoandikwa: "Una homa, pumzika siku tatu."

Banda zima likanizomea. "DJ, wacha uongo! Ni macho!" Na aliyepiga kelele kuliko wote, akicheka mpaka anashika mbavu, alikuwa Odhis.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akikupa siri yake hajakupa mali, amekupa mzigo wa kubeba mpaka yeye mwenyewe atakapouhitaji. Ukiutua njiani, hata kwa mzaha, umemwibia nafasi ya kusema mwenyewe. Na wewe unayeficha jambo kwa umpendaye ukingoja siku nzuri, nenda leo, kabla hujapata rafiki mwenye maiki kama mimi.

Siku hizi naangalia movie mpaka mwisho kabla ya kuipiga.

Sasa nipigeni mawe, nimeshavua kofia. Ila mniambie pia: pale kwenye karai, Atieno aliponiuliza yale macho, wewe ungejibu nini?